Vidani vya Wanawali kwenye Shingo ya Twiga

Ngano yaja!

Ije, tumeketi!

Ije na nini?

Ije na uongo wake, ije na ukweli wake, tutachambua wenyewe!

Haya basi. Sogeeni karibu, na aliyelala aamshwe, maana ngano hii siwezi kuisimulia kwa sauti ndogo. Kila nikifika katikati napandwa na hasira. Leo nimekunywa maji kwanza ili nitulie, lakini najijua.

Hapo kale, kale hasa, wanyama walipokuwa wakisemezana kama tunavyosemezana sisi hapa, alikuwako Bi Nungunungu. Alikuwa mama mtu mzima, mzito wa mwendo, mpole wa maneno, na kazi yake ilikuwa kutunga vidani vya shanga.

Shanga zake alizitengeneza mwenyewe kwa maganda ya mayai ya Mbuni. Mbuni alikuwa akiangua mara moja tu kwa mwaka. Watoto wakishatoka, alimwita: "Bi Nungunungu, maganda haya hapa, njoo uokote." Naye alikwenda na pakacha lake akaokota. Yai zima hakuligusa hata siku moja. Alingoja mpaka watoto watoke kwa miguu yao wenyewe.

Kisha alikaa mlangoni pa shimo lake, akavunja maganda vipande vidogo vidogo. Alijing'oa mwiba mmoja mgongoni, akakitoboa kipande katikati, akakisugua kwenye jiwe mpaka kikawa duara. Halafu kingine. Halafu kingine. Vingi vilimpasukia mkononi, akavitupa, akaanza tena. Na huku alikuwa akiimba:

*Toboa, toboa polepole,*
*kipande kisipasuke,*
*mwali yu ndani angoja,*
*asitoke shingo tupu.*

Sasa msije mkadhani vidani hivyo vilikuwa vya kuringia tu. Katika nchi ile, binti akivunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa na kungwi mpaka akafundika. Siku ya kutolewa alikalishwa mkekani mbele ya watu wote, na Bi Nungunungu mwenyewe alimfunga kidani shingoni. Akilikaza fundo, alitaja jina la mwali na jina la mama yake, kwa sauti, kila mtu asikie. Hapo ndipo binti alipokuwa mtu mzima. Asiye na kidani hakutolewa. Alirudishwa ndani, kwenye giza lile lile, akangoja mpaka Mbuni aangue tena mwaka mwingine.

Basi mwaka mmoja, wanawali walikuwa wengi na mvua ilikuwa haba. Wa kwanza kupiga hodi kwa Bi Nungunungu alikuwa Mama Digidigi. Jina lake hasa ni Mwatumu. Alikuwa mjane, mdogo wa umbo, mwenye haya nyingi, na mtoto wake Mwanasiti alikuwa ndani kwa kungwi. Alikuja na mihogo kichwani, maana Nungunungu na mihogo mnawajua.

"Dada yangu," alisema, "nimeichimba kwa kwato hizi. Ardhi imekauka, ngumu kama nini. Pokea, na mwanangu usimsahau."

Bi Nungunungu alizitazama zile kwato. Zilikuwa zimechanika. Akaipokea mihogo kwa mikono miwili.

"Mwatumu, nenda kalale usingizi," akasema. "Mwanasiti atatoka na kidani changu. Nimesema."

Wakaja na mama wengine: mke wa Swala, mke wa Pundamilia, mke wa Ngiri, na wengine na wengine. Kila mmoja alileta alichonacho, na kila mmoja aliahidiwa. Mbuni alikuwa ameshaangua, maganda yalikuwa ndani tele, na Bi Nungunungu akakaa kazini. Nyuzi za shanga zikaanza kujaa ukutani, nyeupe pe.

Mambo yote yalikuwa shwari. Ndipo akaja Mbweha.

Nani asiyemjua Mbweha? Mwembamba, mdomo mrefu, macho hayatulii. Kila siku yeye husema anajuana na wakubwa. Na kweli alijuana nao, kwa sababu alikula walichobakiza.

"Hodi shangazi!"

"Karibu, mwanangu."

Mbweha akaingia, akatazama ukutani, akashika kichwa. "Yalaa! Shangazi, hii kazi ya mikono yako? Na unawafungia watoto wa Digidigi? Nani anamtazama Digidigi? Akipita kwenye majani, hata majani hayana habari!"

"Mama zao wanawatazama," akasema Bi Nungunungu.

"Mama zao! Shangazi, ng'ambo ya mto hakuna anayelijua jina lako. Nani atakujua kwa kukaa kwenye shimo? Sikiliza. Mpe Simba kidani avae. Simba akivaa, nchi nzima itauliza: nani kakitunga? Watakuja na mihogo mpaka ukose pa kuiweka. Na Simba akisema neno, ndege wote watakuletea maganda, hao wanawali wako utawafunga mpaka miguuni. Mpe mkubwa avae, wadogo watakuja wenyewe."

Bi Nungunungu akafikiri.

Nitawaambia alichofikiri, maana si vizuri kumlaumu mtu bila kumsikiliza. Tangu utotoni, Bi Nungunungu alikuwa hakumbatiwi. Watu walimpenda, lakini kwa mbali, kwa ajili ya miba. Walisimama pembeni, wakachukua vidani, wakaondoka. Hakuna aliyewahi kumwambia kazi yako nzuri huku amemshika bega. Basi yale maneno ya Mbweha yalimwingia patamu.

"Kwa Simba, nyuzi chache tu," akasema. "Nyingine nitatoboa."

Mbweha akazibeba mbio mbio mpaka kwa Simba. Simba alikuwa amelala. Alifungua jicho moja, akanyoosha shingo, akavikwa, akalifumba jicho lake. Asante hakutoa. Mbweha akatupiwa mfupa wenye nyama, akaenda kuutafuna kichakani.

Bi Nungunungu akangoja wageni. Kukachwa, kukapambazuka, hakuna mgeni. Akatoka, akamkuta Swala njiani.

"Swala, umekiona kidani cha Simba?"

"Kidani gani?"

"Alichovaa shingoni. Cheupe, kazi yangu."

Swala akamkodolea macho. "Bi Nungunungu, unanitania? Mimi nikimwona Simba natazama shingo yake, au natazama njia?"

Akauliza na wengine, akaambiwa vivyo hivyo. Mwishowe Kunguru, ambaye huruka juu na haogopi, alimpa habari kamili. Kidani kilikuwa kimezama ndani ya manyoya ya Simba, hakionekani hata uzi. Na waliowahi kukaribia kiasi cha kukiona, hawakurudi kusimulia.

Akaenda kwa Mbweha. "Mwanangu, kidani changu kimepotea kwenye manyoya."

"Kosa la manyoya, shangazi, si langu!" akasema Mbweha bila kupepesa. "Simba si wa kutazamwa, ni wa kuogopwa. Tunamtaka anayetazamwa. Tunamtaka Korongo, mcheza ngoma! Akiruka yule, kinamasi kizima kinakaa kimya. Mpe mkubwa avae, wadogo watakuja wenyewe."

Bi Nungunungu aliporudi nyumbani, Mbweha nyuma yake, alimkuta Mama Digidigi mlangoni. "Dada, vipi?" "Bado kidogo, Mwatumu." Akaingia ndani haraka, akatungua nyuzi nyingine ukutani, akampa Mbweha. Na huku akijipa moyo kwamba atatoboa nyingine, ingawa maganda kwenye pakacha yalikuwa yamekwisha, yamebaki mavumbi.

Korongo akavaa. Huyo naye alikuwa na madaha yake. Aligeuka huku, akageuka huku, akajitazama majini, akasema, "Si kibaya." Mbweha akapewa samaki.

Ngoma ikaanza. Korongo akaruka mara ya kwanza, shanga zikalia. Akaruka mara ya pili, uzi ukanyooka. Akaruka mara ya tatu, twa! Shanga zikamwagika kwenye kinamasi, chubwi chubwi chubwi, tope likazimeza zote. Fundo la mwali ni la kukalia mkekani na kutembelea taratibu. Halikufungwa kwa ajili ya mtu wa kuruka juu kama amekanyaga moto.

Mnadhani Korongo aliomba radhi? Alisimama kwa mguu mmoja mbele ya umati akasema, "Mnaona? Hivi ndivyo vidani vya Nungunungu! Havina maana!"

Bi Nungunungu alikuwa nyuma kabisa, amekuja kutazama. Alijikunja akawa mpira. Mbweha akamfuata mbio, meno yote nje.

"Umesikia, shangazi? Umesikia?"

"Nimesikia. Amenitukana."

"Lakini amelitaja jina lako!"

Jamani! Mtu anatukanwa mbele za watu, kazi yake imezama topeni, halafu anaambiwa afurahi kwa sababu jina limetajwa! Mimi ningekuwa na miba ile, Mbweha asingetoka pale. Lakini Bi Nungunungu alikuwa mpole, na mpole akishatoa mara mbili huona aibu kukataa mara ya tatu.

"Sasa ukiacha," akasema Mbweha, "umepoteza bure. Umeshatoa kwa Simba, umeshatoa kwa Korongo. Imebaki ngazi moja tu. Bi Twiga! Nani mrembo kama yeye? Shingo gani kama ile? Akisimama huku anaonekana kule. Hakuna manyoya ya kuficha, na wala haruki. Mpe mkubwa avae, wadogo watakuja wenyewe."

"Shingo ya Twiga ni ndefu, Mbweha."

"Ndiyo uzuri wake!"

"Nyuzi zilizobaki ni za wanawali."

"Na si zitarudi? Avae siku mbili tatu, watu waone, avue. Wanawali wenyewe watafurahi kuvaa kilichovaliwa na Twiga."

Basi wakarudi shimoni, Bi Nungunungu akatungua. Akatungua uzi wa mtoto wa Swala, akatungua wa mtoto wa Pundamilia, akatungua wa mtoto wa Ngiri. Akafika kwenye ule wa Mwanasiti, akasita. Mbweha akakohoa. Akatungua. Akaziunga nyuzi zote ncha kwa ncha, ukawa uzi mmoja, akauviringisha begani kama kamba ya kisima, wakaenda.

Bi Twiga alilala chini ili avikwe. Bi Nungunungu alizunguka ile shingo, akazunguka, akazunguka, mpaka akahema. Kila mzunguko ulikuwa mtoto wa mtu. Ukuta wake wote ulikwishia pale, na bado huku juu karibu na masikio palibaki wazi.

"Zimekwisha?" akauliza Bi Twiga.

"Zimekwisha."

"Nzuri. Lakini nyingi hivi, hutapungukiwa?"

Mbweha akadakia, "Apungukiwe? Ana ghala nzima!"

Bi Nungunungu alifungua mdomo. Akaufunga. Twiga akasimama, shingo ikapanda, ikapanda, vidani vikaenda mawinguni. Lile neno ambalo lingetosha kuwaokoa wanawali wote likabaki mdomoni kwa Bi Nungunungu, halikutoka.

Safari hii mambo yalitokea kweli, tena sana. Nchi nzima iliona. Asubuhi jua lilipopiga shingo ile, hata walio ng'ambo ya mto walisimama kutazama. Kila mtu akavitaka. Lakini mnajua walisema nini? Hawakusema, "Vidani vya Nungunungu." Walisema, "Vidani vya Twiga."

Siku ya gulio Bi Nungunungu alimkuta Kima amevaa kidani, anatamba nacho. Akasogea, akakitazama. Kilikuwa cha udongo wa kichuguu, kimefinyangwa vidonge vidonge, kimepakwa majivu ili kiwe cheupe.

"Mjukuu wangu, hiki umekipata wapi?"

"Kwa Mbweha. Nimebadilishana naye kwa kuku niliyemwokota. Ni cha Twiga hiki!"

"Hiki ni udongo. Vile vya Twiga nimetunga mimi."

Kima akacheka mpaka akashika mbavu. "Jamani, njooni mwone! Bibi anasema yeye ndiye aliyemtungia Twiga! Bibi, wivu huo, na kuiga si vizuri."

Wakacheka wote. Alipotazama shingo zao, wengi wao walikuwa wamevaa vidonge vya udongo. Mbweha alikuwa amenawiri, tumbo limemtoka.

Siku ya kutolewa wanawali ilikuwa imekaribia. Bi Nungunungu akamfuata Mbweha mpaka kwake, na safari hii hakupiga hodi.

"Mwambie Twiga avue. Nazitaka nyuzi za wanawali."

"Avue?" Mbweha akashtuka kweli. "Shangazi, Twiga akivua sasa, hivi vyangu nitamuuzia nani? Tena nimempangia awe mgeni rasmi siku hiyo hiyo ya ngoma. Watu wote watamwona."

"Na wanawali?"

"Wanawali nao watamwona."

"Watamwona?"

"Watamwona amevaa vidani vyao. Si heshima hiyo?"

Mmesikia hiyo? Hebu irudieni wenyewe. Binti wa watu arudi gizani mwaka mzima, shingo tupu, ili mgeni rasmi apendeze, halafu aambiwe ni heshima! Nipeni maji.

Bi Nungunungu aligeuka, akatoka. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Digidigi, akasimama uani, hakutaka hata kukaribishwa.

"Mwatumu, kidani cha Mwanasiti hakipo. Nimemvika Twiga."

Mama Digidigi alikuwa akipepeta. Akaweka ungo chini.

"Mihogo yangu uliila, dada?"

"Niliila."

"Ilikuwa mizuri?"

Bi Nungunungu akazitazama zile kwato.

"Mwanangu jana kaniuliza kupitia ukutani," akasema Mama Digidigi, "mama, fundi amemaliza? Nikamwambia amemaliza zamani. Nikamwambia wewe ni mtu ukisema umesema." Hakupaza sauti hata kidogo. Alichukua ungo wake akaendelea kupepeta, na machozi yakawa yanaangukia pumba.

Afadhali angemtukana. Bi Nungunungu alirudi nyumbani miba yote imesimama, na hasira aliyokuwa nayo nusu ilikuwa ya Mbweha na nusu ilikuwa yake mwenyewe. Akaapa kwamba Mwanasiti harudi ndani.

Siku ikafika. Ngoma zikalia. Wanawali wakatolewa, wamefunikwa kanga, wakakalishwa mkekani kwa mstari, miguu imenyooshwa, macho chini. Kwa kuwa Digidigi ni mdogo, Mwanasiti alisukumwa mpaka mwisho wa mkeka. Walipofunuliwa, watu wakanong'ona. Shingo zote zilikuwa tupu. Mama zao walisimama nyuma wameinamisha vichwa kama wamefiwa.

Hapo Mbweha akapanda kichuguu. "Makofi! Makofi kwa mgeni rasmi!"

Bi Twiga akaingia kwa madaha, shingo inameremeta, na umati ukashangilia. Wanawali walikatazwa kuinua macho, kwa hiyo hata hiyo heshima ya kumwona hawakuipata.

Lakini nchi ile ilikuwa na mila yake. Mgeni mkubwa akija kwenye ngoma ya wanawali, ni lazima anywe togwa yao kabla ya jambo lolote. Na togwa ya mwali hainuliwi. Kata huwekwa mkekani, mbele ya miguu yake, na mgeni ndiye anayeinama, hata awe nani.

"Nyanyueni hiyo kata," akasema Mbweha. "Mgeni ana shingo ndefu."

Kungwi alikuwa Bi Kiboko, na Bi Kiboko alikuwa hapelekeshwi. "Togwa ya wanangu hainuliwi," akasema. "Hata Simba aliinama. Ainame."

Bi Twiga akatazama huku na huku. Akapanua miguu ya mbele. Akaipanua zaidi. Ile shingo ikaanza kushuka, taratibu, taratibu, kutoka mawinguni mpaka mkekani, mdomo ukaingia kwenye kata.

Bi Nungunungu akatoka mbio. Mtu mzito yule, hakuna aliyewahi kumwona akikimbia! Akafika shingoni, akalitafuta fundo lake, na fundo lake alilijua hata gizani. Akalitia meno. Kacha!

Vidani vikalegea.

"Usiinuke, Bi Twiga!" akapiga kelele. "Ukiinuka tu, zinamwagika zote!"

Twiga akaganda vile vile, miguu imepanuka, mdomo una togwa. "Nani ananishika shingo?"

"Aliyekuvika."

"Unanivua mbele za watu?"

Sikio la Twiga lilikuwa chini tena, karibu na midomo ya wengine, na safari hii Bi Nungunungu akalitumia vizuri.

"Nakuvua mbele za watu. Uliniuliza kama sitapungukiwa, nikanyamaza. Leo sinyamazi. Vidani hivi havikuwa vyangu vya kugawa wala vyako vya kuvaa. Ni vya watoto hawa unaokunywa togwa yao. Mama zao walilipa kwa mihogo waliyoichimba kwa kwato zilizochanika, na leo wanawali wanarudishwa gizani ili wewe upendeze!"

"Mbweha alisema una ghala nzima," akasema Twiga, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ukaamini kwa sababu ilikupendeza kuamini. Na mimi nilimwamini kwa sababu hiyo hiyo. Tulia sasa, mwenzangu, nifanye kazi."

Bi Nungunungu akaanza kuuzungusha ule uzi kutoka shingoni mwa Twiga. Akakata wa kwanza, akamfunga binti wa Swala, akataja jina lake na la mama yake. Mama yake akapiga kigelegele. Akakata wa pili, akamfunga binti wa Pundamilia, akataja majina. Kigelegele. Akakata wa tatu, akamfunga binti wa Ngiri. Kigelegele tena. Akaendelea kushuka na mkeka, kigelegele juu ya kigelegele, na Twiga yuko pale pale ameinama, mgeni rasmi mzima, anasubiri.

Lakini uzi ulikuwa unapungua. Vile vya Simba havikuwapo. Vile vya Korongo vilikuwa topeni. Alipofika mwisho wa mkeka, mkononi palikuwa na kikia tu, kipande cha kukunja kiganjani. Watu wakaona. Mmoja akasema, "Hakitoshi." Mama Digidigi akafumba macho.

Bi Nungunungu akapiga magoti mbele ya Mwanasiti. Akakipitisha kile kikia shingoni mwake. Kikazunguka. Akakipitisha tena. Kikazunguka tena, na ncha ikabaki ya kufungia.

Kipande kile! Jamani, kipande kidogo kama kile ndicho mtoto yule alichokuwa ananyimwa! Shingo moja ilikuwa imebeba cha mkeka mzima, na mgeni mwenyewe wala hakujua ni cha nani.

Bi Nungunungu akalikaza fundo. Akataja kwa sauti, kila mtu asikie: "Mwanasiti, mtoto wa Mwatumu!"

Mama Digidigi hakupiga kigelegele. Alikuja mbio mkekani, akamkumbatia mwanawe, kisha akamgeukia Bi Nungunungu akamkumbatia naye, na miba yake yote. Ilimchoma, na hakuachia.

Ngoma ikapigwa mpaka vumbi likatimka. Watu wakacheza, wakatoka jasho, na jasho likayeyusha vile vidonge vya Mbweha. Udongo ukawachuruzika vifuani, Kima akajitazama akapiga ukelele. "Mbweha yuko wapi?"

Mbweha alikuwa anajipenyeza kichakani. Akakutana na mgongo wa Bi Nungunungu.

"Shangazi!" akasema, meno nje. "Umeona umati ule? Leo wamelitaja jina lako!"

"Na wewe utalikumbuka," akasema Bi Nungunungu. Akajitikisa. Mbweha akatoka pale na miba puani, analia njia nzima, na mpaka leo ukisikia Mbweha anabweka porini, ujue kuna mwiba bado haujatoka.

Na Twiga? Aliinuka taratibu, akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo, akitaka kunywa maji husimama kwanza, akatazama kulia, akatazama kushoto, akapanua miguu kwa mashaka, ndipo akainama. Anaogopa kuulizwa mbele za watu alichovaa ni cha nani.

Hiyo ndiyo ngano, na funzo lake nitalisema wazi ili asiwepo wa kunigeuzia maneno. Wewe fundi, mvike kwanza aliyekuja mlangoni pako kwa jasho lake. Usimvue mdogo umvike mkubwa, ukitumaini ukubwa wake utakugusa. Na wewe mkubwa unayeletewa vitu vizuri bure, usiseme asante kwanza. Uliza vimevuliwa shingoni kwa nani.

Ngano yangu imeiva, nimeipakua. Kama ilikuwa tamu, tumekula pamoja. Kama ilikuwa chungu, chungu chenyewe ni changu, nitakiosha mwenyewe.